Kaa wa Bluu Aliyechukuliwa na Mtani

Wiki niliyoaga kazini, dada mmoja wa maabara aliniuliza ni jambo gani kubwa nililojifunza katika miaka yote ile. Nikamwambia kwamba maji ya bomba lazima yalale kwenye pipa lililo wazi kabla hujamwekea kaa, ili dawa iliyomo iondoke. Akacheka, akasubiri nitaje jambo lenyewe. Nilikuwa nimeshalitaja.

Nimestaafu kwa hiari, maana yake nina umri wa kutosha kuchoka lakini bado sina mvi za kutosha kupishwa kiti. Nawaandikia ninyi mliobaki pale Bigwa, kwenye kituo chetu cha utafiti chini ya mlima, kwa sababu mmerithi mabeseni yangu bila kuambiwa yalimlea nani. Ya vyeo na mishahara sitayagusa. Vyeo vilichelewa, na mishahara mnaipokea wenyewe. Nitaandika juu ya kaa wa mtoni, hasa jike mmoja wa bluu ambaye nilimtunza kwa muda mfupi mno na ambaye sijaacha kumtafuta.

Siku ya kwanza nilifika nimevaa tai. Mimi ni Mhaya wa Bukoba, nilikuwa nimetoka chuo kikuu muda si mrefu, na nilibeba vyeti vyangu kwenye bahasha ya kaki endapo mtu angetaka kuvisoma. Hakuna aliyetaka. Kituo kilikuwa nyumba ndefu ya bati yenye harufu ya tope na mwani. Ndani yake mabeseni ya plastiki yalipangwa juu ya meza za saruji, kila beseni na kaa wake, kila kaa na jiwe lake la kujificha. Kaa wawili hawakai beseni moja. Ukiwaweka pamoja jioni, asubuhi utamkuta mmoja, ameshiba.

Katikati ya mabeseni alisimama mwanamke wa makamo mwenye aproni ya kijani, mikono ndani ya maji mpaka viwikoni. Huyu alikuwa Mama Tekla, fundi sanifu mkuu wa maabara, Mluguru wa Matombo.

"Shikamoo mama," nikasema. "Mimi ndiye mtafiti mpya."

"Marahaba mwanangu. Mtafiti mpya, vua tai. Ikining'inia kwenye maji kaa ataidaka, na kaa akidaka haachii mpaka ngurumo ipige."

Nikavua. Hilo la ngurumo nilikuja kulichunguza baadaye, halina ukweli wowote. Kaa huachia akichoka. Lakini tai sikuivaa tena kazini.

Mama Tekla alikuwa fundi hodari mwenye imani zake. Aliamini kwamba kaa hula vizuri zaidi redio ikiwa imewashwa, hasa wakati wa salamu za wasikilizaji. Mimi, kwa kuwa nilikuwa na shahada, nilipanga jaribio: nusu ya kaa wasikilize redio, nusu wahamishiwe stoo kwenye ukimya. Wa stoo walikula zaidi. Nilimpelekea matokeo nikiwa nimejaa fahari. Akayasoma yote, akanirudishia karatasi. "Uliwafungulia mpira," akasema. "Nani anakula wakati timu inafungwa?"

Mkuu wetu wa kituo alikuwa Dokta Maganga, Mnyamwezi wa Tabora, mtu mwembamba na mpole mwenye kalamu mbili mfukoni. Kwa sisi wengine alikuwa mkuu. Kwa Mama Tekla alikuwa mtani. Wanyamwezi na Waluguru wanataniana tangu enzi za misafara, na mtani hana adabu mbele ya mtani wake, wala haruhusiwi kuwa nayo.

"Mbeba mizigo, umeamka?" Mama Tekla alimsalimu hivyo kila asubuhi, hata mbele ya wageni.

"Nimeamka. Na wewe ule mguu mrefu umeuacha wapi leo?" Kwa mujibu wa Dokta, Waluguru wote wana mguu mmoja mrefu na mmoja mfupi kwa sababu ya kulima mteremkoni.

"Babu zako walipita hapa na meno ya tembo kichwani wanakufa kiu. Bibi zangu wakawapa maji. Mpaka leo hamjarudisha kata ya kunywea."

Hawakuishia kwenye maneno. Siku moja mvua inanyesha, Mama Tekla aliuchukua mwavuli wa Dokta mlangoni akaenda nao sokoni. Kwa watani huo si wizi. Aliyechukuliwa hakasiriki, anakikomboa kitu chake siku ileile, kwa soda au kwa kuku kutegemea uzito wa kitu, na asipokikomboa kimekwenda. Dokta aliukomboa mwavuli kwa soda mbili. Wiki iliyofuata akauficha mkoba wa Mama Tekla kwenye jokofu la sampuli, naye akaukomboa kwa ndizi mbivu. Nikaona ni mchezo rahisi, nikajaribu. "Mguu mfupi, umeamkaje?" nikamwambia asubuhi moja. Mama Tekla aliniangalia kama mtu aliyekuta nzi kwenye chai. "Wewe Mhaya ni nani kwangu? Nenda kanawe mikono, tuna mabeseni ya kubadilisha."

Kubadilisha maji ndiko kulikokuwa kazi, na bado ndiyo kazi, hata kama siku hizi mna mashine ya kupima kila kitu. Unavuta maji machafu kwa mpira mwembamba, mdomo wako ukianza na kidole chako kikimalizia, na kila mmoja wenu ataonja maji ya kaa kabla hajaiva kazini. Unabakiza maji kidogo ya zamani ili mnyama asishtuke. Unatazama kama amekula. Unatazama kama gamba limeanza kupauka, dalili kwamba anakaribia kujivua. Kaa hujivua gamba kwelikweli, tofauti na wanasiasa waliolikopa neno hilo, na siku hiyo usimguse, maana ni laini kama ulimi.

Swali letu lilikuwa rangi. Kaa wa mito ya Uluguru kwa kawaida ni kahawia, huyu amekolea, yule amepauka. Kahawia hiyo si rangi moja. Katika chakula chake kaa hupata rangi nyekundu, na mwili wake huifunga ndani ya protini, nayo ikifungwa hivyo huonekana bluu. Juu yake huja tabaka la njano, na jicho letu likiona mchanganyiko wote linasema kahawia. Ukimchemsha unakata kile kifungo, wekundu unatoka. Ndiyo maana kila kaa wa sufuriani na kila kambakoche wa mezani hotelini ni mwekundu, hata kama baharini alikuwa na rangi nyingine kabisa. Mara chache sana huzaliwa mmoja aliyekosa tabaka hili au lile, akatoka wa njano, au wa bluu, au amegawanyika katikati, upande rangi hii upande ile. Kwa kambakoche wa baharini mambo haya yanajulikana, wavuvi wakimpata wa namna hiyo watu hukusanyika. Kwa kaa wetu wa mlimani hakuna aliyekuwa ameuliza. Dokta Maganga aliuliza.

Tulipeleka tangazo kwa wenyeviti wa vijiji: atakayeona kaa mwenye rangi isiyo ya kawaida amlete akiwa hai, nauli atarudishiwa. Hapo nikaujua ubunifu wa wananchi wenzangu. Aliletwa kaa wa kijani, nikamsugua kwa mswaki, mwani ukatoka, akabaki wa kahawia na mwenye hasira. Aliletwa mwekundu sana ambaye hakusogea.

"Huyu amechemshwa," nikamwambia mleta.

"Hapana, mheshimiwa. Amechoka safari."

Kutoka mashamba ya mpunga ya Dakawa alikuja bwana mmoja mwenye shati jeupe, na ndani ya ndoo yake kaa wa bluu aliyetufanya wote tuache tulichokuwa tunafanya. Tulipomtia majini beseni zima likageuka anga. Ilikuwa bluu ya kufulia. Mama Tekla alimrudishia nauli yake bila kumwaibisha, ila alimsifu kwa jinsi shati lake lilivyotakata. Tangu hapo sheria ya maabara ikawa mswaki kwanza, furaha baadaye, na naomba msiifute.

Wa kweli walikuwepo pia, wachache. Mmoja alikuwa wa njano kama bizari, akaishi majuma machache. Alipokufa tulimtia kwenye chupa ya spiriti, kama utaratibu unavyotaka, na hapo tukampoteza mara ya pili. Spiriti hufanya polepole kazi ileile inayofanywa na sufuria. Nendeni mkatazame lile kabati la ukutani: wa njano, wa kahawia na wa zambarau, wote wamekuwa rangi moja ya chai ya maziwa iliyopoa. Lebo inasema njano. Mgeni anasoma lebo, anatazama chupa, kisha anakutazama wewe kwa huruma.

Yule wa bluu alikuja katika mwaka wangu wa tatu au wa nne. Mwanamke mmoja aliyeshuka na lori la ndizi kutoka Matombo alituletea sufuria iliyofunikwa kwa jani la mgomba. Mama Tekla alimfahamu, alikuwa jirani yao wa nyumbani. Nilifunua jani nikiwa tayari na mswaki mkononi, uso wangu umeshajiandaa kutoamini.

Nikasugua. Nikabadilisha maji, nikasugua tena. Maji yalibaki maji, na kaa alibaki wa bluu.

Sijawahi kuielezea vizuri rangi ile, na nimejaribu katika ripoti kadhaa. Ilikaribia bluu ya kanga mpya ambayo bado haijapita kwenye maji, imekolea mgongoni, inafifia kwenye viungo vya miguu, na ncha za magando ni nyeupe kama zimechovywa kwenye maziwa. Mama Tekla alikausha mikono, akatembea mpaka dirishani, akazima redio. Sikuwahi kumwona akiizima kabla ya saa ya kufunga.

Dokta alikuja, akainama, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akasema jambo la kisayansi, ambalo lilikuwa sahihi, na kwa hiyo lilituudhi.

"Huenda ni chakula tu. Akikosa kwenye chakula rangi ya lile tabaka la njano, gamba linalofuata linatoka bluu. Mkimlisha vizuri, akijivua, atarudi kahawia kama wenzake. Tunataka kujua kama ni damu au ni chakula."

Basi tukamlisha chakula cha mtoni: majani yaliyooza, konokono wadogo, visamaki. Nilimhudumia mimi. Nilikuwa nafika kazini kabla ya mlinzi kufungua geti, nikijidai nimekuja kuandika. Nilipokuwa chuoni nilijifunza majibu ya maswali ya watu wengine. Hili lilikuwa swali la kwanza ambalo jibu lake halikuwa kwenye kitabu chochote. Lilikuwa ndani ya beseni langu, limejificha chini ya jiwe.

Juma lililofuata, tukibadilisha maji, Mama Tekla alimwinua na kumgeuza.

"Dokta!" akaita. "Njoo. Ana mayai."

Kaa wa mtoni haachi mayai yake majini yakajitafutie maisha. Huyabeba chini ya tumbo, ameyafunika kwa mkia, na watoto wakianguliwa wanakaa humohumo mpaka waweze kutembea. Mayai yalikuwa ya rangi ya chungwa, makubwa, yamebanana. Nikasema kwa sauti kile ambacho kila mmoja alikuwa anafikiri, kwamba watoto wakitoka wa bluu tumepata jibu. Dokta akatikisa kichwa. Watoto wanaweza wasitoke bluu hata mmoja na bado ikawa damu, akasema. Rangi inaweza kupita kizazi ikaibukia kwa wajukuu. Lakini alikuwa anatabasamu.

Kisha yule jike akaacha kula. Siku ya kwanza nilijiambia ni uzazi. Siku ya pili mayai machache yalikuwa yamedondoka chini ya beseni, na hilo kaa hulifanya anapokata tamaa ya mahali alipo. Wageni wa kukagua utafiti wetu walikuwa wanakuja Jumatatu, na wao ndio wangeamua kama kazi ya rangi iendelee au tufuge perege kama vituo vingine. Ijumaa mchana Dokta aliingia maabara ameshika chupa tupu na galoni ya spiriti.

"Anakufa," akasema. "Akifa Jumapili hapa hakuna mtu, Jumatatu nitawaonyesha uvundo. Afadhali tumhifadhi sasa. Picha tunazo, na mwili tutakuwa nao."

"Ukimtia leo kwenye spiriti, Jumatatu utawaonyesha chai ya maziwa," Mama Tekla akamjibu.

"Angalau itakuwa chai yenye miguu."

"Na watoto?"

"Mama Tekla, watoto wanadondoka. Umeona mwenyewe."

"Wanadondoka kwa sababu yuko kwenye beseni. Huyu mtu wa mto, anataka maji yanayokwenda. Arudishwe."

"Arudishwe wapi? Kaa wa bluu mmoja tu tuliyemwona maishani, tumtupe mtoni?"

Mimi sikutaka chupa wala mto. Nilitaka abaki palepale kwenye beseni langu, apone, na mimi niwe wa kwanza kuwaona watoto. Hakuna aliyeniuliza, na nikifikiri sasa naona walifanya vizuri.

Dokta aliweka chupa mezani. Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hukimbilia utani.

"Nyie watu wa mlimani, kila kitu chenu," akasema, akicheka. "Mto wenu, ndizi zenu, sasa na kaa wenu. Haya! Mchukue basi kaa wako, mtani!"

Mama Tekla alimtazama.

"Umesema?"

"Nimesema."

Alivua aproni, akaikunja. Akachukua ndoo, akatia maji na majani ya lile beseni, akamwinua yule jike kwa mgongo kama mtu anavyomwinua mtoto aliyelala, akamweka ndani na kufunika kwa kitambaa kibichi. Dokta alikuwa bado anacheka. Alicheka mpaka tuliposikia geti.

"Dokta, mkomboe," nikamwambia. "Mkimbilie. Soda mbili tu."

Alitoka mpaka barazani, akasimama. Mama Tekla alikuwa anateremka barabarani na ndoo kichwani, bila haraka, kuelekea kwenye maegesho ya malori ya Matombo. Kijana yeyote angemfikia. Dokta hakwenda. Alirudi ofisini, akachukua karatasi aandike onyo, akaandika anwani ya kituo, akaishia hapo.

"Nitaandika nini?" akaniuliza. "Kwamba nilimwambia achukue, akachukua?"

Mpaka leo sijui kama siku ile ulimi ulimteleza au alikusudia.

Jumatatu wageni walikunywa chai na kutazama picha, na mmoja akauliza kwa adabu kama tuna uhakika si bluu ya kufulia. Hawakutufunga, ila hawakutupanua. Jumanne Mama Tekla alikuwa kazini.

"Nimemweka mbele ya jiwe, pale mtoni chini ya kwetu," akaniambia. "Ameingia mwenyewe. Hakugeuka nyuma."

"Kaa hutembea upande, mama."

"Basi hakugeuka upande."

Mlango ukafunguliwa, Dokta akaingia na kalamu zake mbili. "Mwizi wa kaa," akasema, "umeamka?" Na hiyo ikawa salamu yao mpaka walipostaafu.

Kila kiangazi, maji yanapopungua, nilipanda na Mama Tekla kwenda Matombo kuwatafuta wale watoto. Kwenye mpango wa kazi tuliita ukaguzi wa makazi ya viumbe. Tulipiga magoti kwenye maji baridi, tukageuza mawe. Piga magoti upande maji yanakoelekea, ligeuze jiwe kuelekea kwako, mtiririko ubebe tope usiwe kipofu, kisha lirudishe lilivyokuwa, kwa kuwa ni nyumba ya mtu. Tukaona kahawia, kahawia iliyokolea, kahawia iliyopauka. Jioni alipika ndizi za nazi na chai ya mdalasini uliobanduliwa palepale nyuma ya jiko, na karafuu zilikuwa zimeanikwa kwenye mkeka uani zikinukia nyumba nzima. Tekla, binti yake, alikuwa anasahihisha madaftari ya wanafunzi wake na kutucheka.

"Mama, mwaka huu pia hamjamwona?"

"Mwaka huu alikuwa safarini," mama yake alimjibu.

Nikiwaambia kwamba naikumbuka kazi, mtadhani naikumbuka ofisi. Ninachokumbuka ni maji yale kwenye magoti, na sauti yake akiniambia, "Siyo hilo, mwanangu, lile lenye kutu," kwa uhakika uleule wa mwaka uliopita juu ya jiwe jingine.

Wakastaafu, Dokta akarudi Tabora na Mama Tekla akarudi kwao. Kazi yetu nayo ikahamia kwenye vinasaba. Sasa mnakata ncha ya mguu, mnaitia kwenye kijichupa, mnaituma mbali, na siku moja mtajua kwa kipande kidogo kile tulichokitafuta kwa magoti. Nitafurahi, nawaahidi, nitafurahi kweli. Nilikuwa nikimtembelea Mama Tekla kila kiangazi, halafu kikapita kimoja bila kwenda, halafu tukawa watu wa simu.

Mwaka jana simu ilikuwa ya Tekla. "Mama ametutoka," akasema. Nilimpigia Dokta Maganga kumpa taarifa. Akasema neno moja tu: "Wasizike kabla sijafika."

Alifika asubuhi ya mazishi, amezeeka, anatembelea fimbo, vumbi la barabara ya Matombo limemgeuza rangi. Alisimama nyuma wakati wa ibada kama mgeni yeyote. Lakini jeneza lilipofikishwa kaburini, akapenya katikati ya watu, akampokonya mchimbaji jembe, na kukaa juu ya rundo la udongo.

"Hazikwi mtu hapa," akasema.

Padri, ambaye hakuwa mwenyeji, aligeuka huku na huku kutafuta msaada. Wazee wa ukoo, waliojua kwamba mtani ana ruhusa ya kuzuia mazishi mpaka alipwe, walikuwa wameshaanza kutabasamu. Kaka wa marehemu, ambaye kwa desturi yao ndiye mwenye kauli ya familia, akajitokeza.

"Wewe ni nani unayetuzuia?"

"Mnyamwezi. Na huyu mnayemlilia ni mwizi. Alinichukulia kaa wangu ofisini, mchana kweupe, jike, tena mjamzito. Sijamkomboa, sijalipwa. Leo anataka kwenda zake mahali ambapo mimi na miguu hii siwezi kumfuata."

Kicheko kilianzia kwa wanawake, waliokuwa wanalia.

"Mbeba mizigo, tutakupa kuku," akasema kaka mtu.

"Sili kuku."

"Toka lini?"

"Toka leo. Nataka kaa. Wa bluu."

Tekla alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, kanga mdomoni. Akaomba ndoo, akateremka mtoni na wanawe. Msiba mzima ukasubiri. Padri aliletewa kiti. Nami, mtu mzima mwenye shahada mbili, niligundua kwamba nimesogea taratibu mpaka nimefika mbele kabisa, kama mwanafunzi anayesubiri matokeo.

Tekla alirudi, nguo zimelowa mpaka kiunoni, akaiweka ndoo miguuni pa Dokta. Dokta akainama. Nikainama naye.

Alikuwa wa kahawia. Mdogo, gando moja limekatika, wa kawaida kuliko wote niliowahi kuwaona.

Dokta alimtazama kwa muda mrefu, kama alivyomtazama yule mwingine. "Huyu siye," akasema. Kisha, kwa sauti ambayo nadhani tuliisikia wachache tu, "Lakini ni wa mto uleule." Akarudisha jembe, akashika udongo kwa mkono, akautupa. "Nenda, mguu mfupi," akasema. "Bado nakud—" na neno hakulimaliza.

Baada ya mazishi, watu walipokaa kula, sikumwona. Nilimkuta chini mtoni. Ndoo ilikuwa tupu, suruali ameikunja mpaka magotini, anajaribu kuinua jiwe kwa fimbo.

"Dokta, utaanguka."

"Nikianguka utaniokota. Alisema jiwe gani?"

Nikatazama mto. Yalikuwa mengi, na mengi nilikuwa nimeshawahi kuyageuza. "Kila mwaka alinionyesha jingine," nikamjibu, na nilipokuwa natamka hivyo nikasikia nilichokuwa nasema: jiwe lenyewe huenda hakuwahi kunionyesha.

Dokta alicheka bila sauti, mabega tu. "Mwizi," akasema. "Haya, anza na hilo."

Nikavua viatu. Nikageuza hilo, na la pembeni yake. Kahawia. Kahawia iliyopauka. Alinyoosha fimbo kunionyesha mengine, nami nikafuata.

Tekla akaita kutoka juu: "Baba! Na wewe kaka! Chakula kinapoa, watu wanawasubiri!"

Dokta hakuinua kichwa. "Mwambie mtani bado anadai," akasema.

Nikamwambia. Kisha nikapiga magoti tena, na suruali yangu ya msibani, nikapitisha mikono chini ya jiwe lililofuata.